Bastola ya nyumbani: ikifungiwa haiwahi, ikiachwa wazi inaua

Na Mwandishi Wetu

ALFAJIRI ya Februari 14, 2013, katika mtaa wa watu wenye uwezo uliozungushiwa ukuta jijini Pretoria, Afrika Kusini, mwanariadha Oscar Pistorius alishika bastola yake ya milimita tisa na kufyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliokuwa umefungwa. Aliyekuwa nyuma ya mlango huo hakuwa jambazi. Alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp, mwenye umri wa miaka 29.

Utetezi aliouleta mahakamani ni rahisi kueleweka na mtu yeyote anayelala kwa hofu ya wavamizi. Alidai kuwa alisikia sauti ya dirisha la bafuni, akaamini kuna mtu ameingia, akachukua silaha iliyokuwa chini ya kitanda na kufyatua. Septemba 2014, Jaji Thokozile Masipa wa Mahakama Kuu alimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Upande wa mashitaka ulikata rufaa, na Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaigeuza hukumu hiyo kuwa ya mauaji. Hoja ya majaji wa rufaa inastahili kusomwa na kila mwenye silaha: haijalishi alidhani ni nani aliyekuwa chooni, kwani mtu anayefyatua risasi nne kwenye chumba kidogo kama kile anatambua kwamba yeyote aliyemo anaweza kufa. Adhabu yake ilifikia miaka 13 na miezi mitano mwaka 2017, na Januari 2024 aliachiwa kwa parole.

Magazeti ya dunia nzima yalijaa mabishano kuhusu kama alikusudia au hakukusudia. Lililozungumzwa kwa uchache ni kwamba bastola ile ilikuwa ya halali kabisa. Ilikuwa na leseni ya kujilinda. Mmiliki wake alikuwa amefanya mtihani wa sheria unaotakiwa kwa kila mwombaji, na shahidi mmoja alieleza mahakamani kwamba majibu yake yalionyesha anaelewa vyema ni wakati gani mwenye nyumba anaruhusiwa kumpiga mtu risasi na wakati gani haruhusiwi. Ukuta ulikuwapo, walinzi walikuwapo, leseni ilikuwapo, mafunzo yalikuwapo. Na bado mtu alikufa chooni.

Swali linalotokana na mkasa huo haliishii Pretoria. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau Septemba 2022, vikundi vya vijana wenye mapanga vilivyobatizwa jina la Panya Road vilipovamia nyumba za watu usiku, na mwanafunzi mmoja wa chuo akauawa Kawe. Kwa siku kadhaa, katika vijiwe na maofisini, mazungumzo yalikuwa yaleyale: polisi watafika saa ngapi, mlinzi mwenye rungu atafanya nini mbele ya watu kumi, na je, si wakati sasa wa mwenye uwezo kuomba leseni na kuweka "kitu" ndani?

Hofu hiyo ni ya kweli, na anayeibeza hajawahi kusikia geti lake likitikiswa saa nane za usiku. Lakini kabla ya kulijibu swali hilo kwa hofu, yafaa kutazama waliolijibu kabla yetu, na wamepata nini.

Wamarekani wamelijibu kwa namna ya wazi kuliko taifa lolote. Kwa makadirio ya taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, mwaka 2017 raia wa nchi hiyo walikuwa na silaha milioni 393, yaani nyingi kuliko idadi ya watu wenyewe. Hukumu iliyoweka msingi wa haki ya kuwa na bastola nyumbani ilitolewa Juni 26, 2008, katika kesi ya Wilaya ya Columbia dhidi ya Heller. Mlalamikaji, Dick Heller, alikuwa mlinzi aliyeruhusiwa kubeba silaha kazini kwenye jengo la serikali jijini Washington, lakini sheria ya jiji hilo ya miaka ya 1970 ilimzuia kuwa nayo nyumbani kwake. Kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanampa mtu mmoja mmoja haki ya kuwa na bastola nyumbani kwa ajili ya kujihami.

Wengi wanaoitaja hukumu hiyo husahau sehemu yake ya pili, ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo inayogusa kiini cha mambo. Sheria ya Washington haikupiga marufuku bastola tu. Ilitaka pia bunduki nyingine zilizoruhusiwa zitunzwe nyumbani zikiwa hazina risasi, na zikiwa zimefunguliwa vipande au zimefungwa kufuli kwenye kifyatulio. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alilitupa sharti hilo pia. Hoja yake ilikuwa kwamba silaha iliyofungwa namna hiyo haiwezi kutumika kujilinda, na hivyo haki yenyewe inakuwa haina maana.

Kimantiki, Jaji Scalia alikuwa sahihi. Mtu anayeamshwa na kishindo cha mlango hana muda wa kutafuta ufunguo wa kasiki gizani, kuchukua silaha, kufungua kabati jingine lenye risasi, kuzipakia, na kisha kutoka sebuleni akiwa na akili timamu. Majambazi hawamsubiri. Bastola itakayomsaidia ni ile iliyo karibu na mkono wake na yenye risasi ndani.

Lakini bastola iliyo karibu na mkono wa baba iko karibu pia na mkono wa mtoto wa miaka minne anayepekua kitanda. Iko karibu na mkono wa kijana wa kidato cha tatu aliyekata tamaa baada ya matokeo ya mtihani, na mkono wa mume aliyerudi amelewa. Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo hakuna leseni wala fundi aliyeweza kulimaliza. Masharti ya utunzaji salama yanataka silaha ichelewe kutumika. Sababu ya kuinunua inataka iwahi. Kasiki ndogo zinazofunguka kwa alama ya kidole zimepunguza sekunde kadhaa kwa wenye fedha za kuzinunua, lakini kidole kinachozifungua ni kilekile cha mtu mwenye hasira au mwenye huzuni.

Takwimu za Marekani zinaonyesha gharama ya kuchagua uharaka. Kwa mujibu wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi. Kati yao, 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo, basi, havikuwa na jambazi wala mvamizi ndani yake.

Mwaka 2020 watafiti wa California walichapisha katika jarida la tiba la New England matokeo ya kuwafuatilia mamilioni ya watu wazima wa jimbo hilo. Waligundua kwamba wanaume wanaomiliki bastola walikuwa na uwezekano wa kufa kwa kujiua kwa risasi mara nane hivi ya wale wasiomiliki. Kwa wanawake, tofauti ilikuwa mara 35. Wataalamu wa afya ya akili hueleza kwamba fikra ya kujiua mara nyingi huja kama wimbi, hupanda na kushuka, na anayenusurika saa ile ya giza mara nyingi huishi miaka mingi baadaye. Palipo na silaha, saa hiyo haitoi nafasi ya pili.

Kuhusu mauaji, utafiti uliotajwa zaidi ni wa Dk Arthur Kellermann na wenzake wa mwaka 1993. Walichunguza mauaji yaliyotokea majumbani katika wilaya tatu za Marekani na kulinganisha nyumba hizo na nyingine za jirani. Nyumba yenye silaha ilionekana kuwa na hatari ya kutokea mauaji karibu mara tatu zaidi. Aidha, zaidi ya robo tatu ya waliouawa waliuawa na mwenzi, ndugu au mtu waliyefahamiana naye, na katika nyumba nyingi hapakuwa na dalili kwamba mlango ulivunjwa.

Watetezi wa silaha waliupinga utafiti huo kwa hoja yenye uzito: huenda watu wanaoishi katika hatari ndio wanaonunua silaha, hivyo silaha ni dalili ya hatari na si chanzo chake. Hoja hiyo ilidumu kwa miaka mingi. Mwaka 2022 kundi lilelile la California likatoa utafiti ulioijibu kwa njia nyingine: badala ya wamiliki, liliwafuatilia watu wanaoishi nyumba moja na wamiliki, ambao wao wenyewe hawana silaha. Hao walikuwa na uwezekano wa kuuawa zaidi ya mara mbili ya watu wanaoishi katika nyumba zisizo na bastola. Uwezekano wao wa kupigwa risasi na kuuawa na mume, mke au mpenzi ulikuwa mara saba, na waathirika wengi wa kundi hilo walikuwa wanawake. Kuhusu kinga dhidi ya wavamizi, ile ambayo silaha ilinunuliwa kwa ajili yake, watafiti hawakuiona.

Mwanamke, kwa hiyo, ndiye anayelindwa kwa maneno na kuhatarishwa kwa vitendo. Mume huenda kuomba leseni akisema anataka kumlinda mkewe na watoto. Yeye mke haulizwi.

Afrika Kusini inalifahamu jambo hilo kwa uchungu. Utafiti wa kitaifa ulioongozwa na Profesa Naeemah Abrahams ulibaini kwamba mwaka 1999 mwanamke mmoja aliuawa na mwenzi wake kila baada ya saa sita. Utafiti huo uliporudiwa kwa mwaka 2009, ilikuwa kila baada ya saa nane, na vifo vya wanawake kwa risasi vilikuwa vimepungua. Kati ya miaka hiyo miwili lilitokea jambo kubwa: Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000.

Sheria hiyo haikufuta haki ya kujihami kwa silaha. Kifungu cha 13 kinaruhusu leseni ya silaha moja kwa ajili hiyo, kwa mwombaji anayethibitisha kwamba anaihitaji na kwamba hana njia nyingine ya kuridhisha ya kujilinda. Lazima awe na cheti cha umahiri, awe na kasiki, na leseni lazima ihuishwe kila baada ya miaka mitano. Umri wa chini ukawa miaka 21. Mwaka 2014 kundi la watafiti lililoongozwa na Richard Matzopoulos lilikadiria kwamba katika miji mitano mikubwa, kati ya mwaka 2001 na 2005, maisha ya watu 4,585 yaliokolewa kutokana na kudhibitiwa kwa silaha.

Mei 2021, Serikali ya Afrika Kusini ikaenda mbali zaidi. Ilitangaza rasimu ya muswada uliotaka kujihami kusiwe tena sababu ya kupewa leseni. Waziri wa Polisi wa wakati huo, Bheki Cele, alikuwa mbele kuutetea. Maoni ya kupinga yalimiminika. Wapinzani walisema, na ni vigumu kuwalaumu, kwamba katika nchi ambayo polisi huandikisha zaidi ya matukio 20,000 ya uporaji wa majumbani kwa mwaka, serikali isiyoweza kumlinda mwananchi haina haki ya kumnyang'anya uwezo wa kujilinda. Rasimu hiyo ilikwama.

Wapinzani walikuwa pia na hoja ya pili, nayo iliwachoma polisi wenyewe. Kanali mstaafu wa polisi, Christiaan Prinsloo, alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha miaka 18 baada ya kukiri kuuza silaha zilizokuwa mikononi mwa polisi, ambazo ziliishia kwa magenge ya Cape Town. Silaha hizo zilitakiwa kuteketezwa, na baadhi zilikuwa zimesalimishwa na raia waaminifu walioitii sheria. Unamwambiaje mwananchi aisalimishe bastola yake kwa taasisi ya namna hiyo?

Ni haki vilevile kueleza kwamba zipo siku ambazo raia mwenye silaha ameokoa maisha. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia ndani kuwatoa waliokwama walikuwa raia wenye bastola za leseni, pamoja na maofisa wachache wa polisi. Mmoja wao, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, alijulikana duniani kote kwa picha za siku ile. Vikosi vya serikali vilichelewa na kisha kugongana vyenyewe kwa vyenyewe. Kila mjadala wa silaha nchini Kenya tangu siku hiyo hurejea Westgate.

Hata hivyo, Westgate ilitokea mchana, mahali pa wazi, kwa adui aliyejulikana kuwa ni adui, na waliomkabili walikuwa macho na wamejiandaa. Chumbani saa nane za usiku mambo ni kinyume: giza, usingizi, moyo unaodunda, na mtu asiyeonekana sura. Mwaka 2004, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, Rudi Visagie, alisikia gari la nyumbani likiondoka, akadhani linaibwa, akafyatua risasi. Aliyekuwa ndani ya gari alikuwa binti yake wa miaka 19. Waendesha mashitaka hawakuendelea na kesi. Waliona kwamba hakuna adhabu ya mahakama ambayo ingezidi aliyokwisha kuipata.

Kwa Tanzania, sheria haiko kimya kuhusu usiku kama huo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda yeye, mtu mwingine na mali yake, na katika mazingira fulani haki hiyo inafika hadi kusababisha kifo. Lakini kifungu cha 18B kinataka nguvu itakayotumika iwe ya kiasi kinachostahili, na kinasema bayana kwamba anayesababisha kifo kwa kutumia nguvu iliyopitiliza katika kujilinda atakuwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Kijana aliyeruka ukuta kuiba nguo kwenye kamba na sasa anakimbia kurudi alikotoka si mtu unayeruhusiwa kumpiga risasi mgongoni, hata kama amekuibia mara tatu. Wako wenye leseni wasiolijua hilo, na wako wanaolijua lakini hawaamini kwamba litawahusu.

Tena silaha inayotunzwa kwa ajili ya nyumba haibaki nyumbani. Hutoka na mwenyewe, huingia kwenye gari, baa na foleni. Novemba 2006, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, alifikishwa mahakamani akidaiwa kumpiga risasi na kumuua dereva wa daladala jijini Dar es Salaam katika ugomvi wa barabarani. Shitaka la mauaji lilibadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na mshitakiwa alifariki dunia Aprili 2008 kabla kesi haijafika mwisho. Hakuna aliyewahi kudai kwamba kiongozi huyo alikuwa mhalifu kabla ya siku hiyo. Ulikuwa ugomvi wa aina inayotokea katika barabara za jiji hili kila siku, na mara nyingi huisha kwa matusi.

Bunge la Tanzania lilitunga sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015 kuchukua nafasi ya ile ya 1991, na mwaka 2016 mkoa wa Dar es Salaam uliendesha uhakiki wa wamiliki. Kenya nayo iliagiza mwishoni mwa mwaka 2018 wenye leseni wote wahakikiwe upya. Hizo ni hatua za maana. Ila uhakiki wa aina hiyo hutazama zaidi namba ya silaha, karatasi na rekodi ya uhalifu ya mwenye nayo. Pistorius, kwa kipimo hicho, angepita.

Kinachokosekana ni maswali kuhusu nyumba yenyewe. Nani wanaishi humo? Kuna ugomvi? Kuna mgonjwa wa sonona? Mwombaji anapolewa huwa mtu wa namna gani? Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe wa nyumba kumi wanaweza kuwa na majibu ya sehemu ya maswali hayo, lakini anayeyajua yote ni mwenzi wa mwombaji, na ndiye ambaye maisha yake yatakuwa rehani.

Baadhi ya nchi zimeshalitambua hilo. Afrika Kusini, kupitia sheria yake ya ukatili wa majumbani ya mwaka 1998, inampa hakimu uwezo wa kuamuru polisi wachukue silaha ya mtu anayelalamikiwa na mwenzi wake. Hata Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa ikipanua haki za wamiliki, ilikubali Juni 2024 katika kesi ya Rahimi, kwa kura nane dhidi ya moja, kwamba mtu aliyewekewa zuio la mahakama kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyimwa silaha.

Canada imelipeleka swali hilo mwanzoni kabisa, kabla silaha haijanunuliwa. Fomu ya kuomba leseni nchini humo ina sehemu ya sahihi ya mke, mume au mpenzi wa mwombaji, pamoja na ya yule aliyeachana naye katika miaka miwili iliyopita. Asiposaini, fomu haitupwi. Ila ofisi ya silaha ina wajibu wa kumjulisha kwamba mtu huyu ameomba kuleta bunduki nyumbani, na kumpa nafasi ya kusema.